Sifa za Injinia

Shemeji yangu Lindani hajawahi kukosea tangu nimjue. Ni vitu ndivyo vinavyomkosea. Pasi ikiunguza shati lake, pasi ina wazimu. Teksi ikimwacha, dereva ana wivu. Na kompyuta yake ikikataa kusikia, basi kila kilichomo katika nyumba yetu ya uMlazi kitatafutiwa kosa, kuanzia friji mpaka mimi, kabla yeye hajasoma kilichoandikwa kwenye kioo.

Anajiita Injinia. Alisomea kurekodi sauti katika chuo kimoja mjini Durban, akaacha kabla ya mtihani wa kwanza, kwa sababu, anasema, walimu walikuwa wanamchelewesha. Studio yake ni chumba cha nyuma, hicho hicho anacholala. Ukutani amebandika trei za mayai. Kabati la nguo amelimwaga nguo zote, akazirundika mlangoni kwangu nizikunje, akalitandika mablanketi ndani, akaweka kigoda na maikrofoni. Mwimbaji anaingia, mlango unafungwa, Injinia anabaki nje mezani na kompyuta yake, amekunja uso kama daktari. Waimbaji wenyewe ni rafiki zake. Wengi wametoka kabatini wakiwa wamelowa jasho, na hakuna aliyetoka na wimbo.

Mimi haya yote nilikuwa nayacheka kimoyomoyo mpaka alipokuja Shangazi Zibuyile.

Shangazi ni dada wa marehemu baba mkwe wangu. Alikuja kutoka Nongoma na mkoba mmoja na uvimbe shingoni. Hospitali walikuwa wamempa siku ya Jumatatu ya kupasuliwa, na daktari alimwambia bila kumzungusha kwamba sauti inaweza isirudi. Sasa, katika ukoo huu yeye peke yake ndiye anayeweza kuzitaja sifa za mababu kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, na majina yao ya kujisifia, bila kumruka hata mmoja. Wanaume huanza vizuri kwenye sherehe, kifua mbele, na wakifika katikati wanaanza kukohoa na kuitazama bia. Shangazi alitaka sauti yake ichukuliwe kabla ya Jumatatu, ili watoto wa nyumba wawe na pa kujifunzia. Hakutaka kingine. Na daktari alikuwa amemkataza kuongea sana. Sauti iliyobaki ilikuwa kama kipande cha mwisho cha sabuni: kila ukiishika inapungua.

Lindani alimwambia asiwe na wasiwasi, atamtoa kama redio.

Jumamosi asubuhi Shangazi alivaa nguo zake za heshima, shanga na bangili, akakaa kitandani mwa Injinia akingoja. Mezani kulikuwa na kisanduku chekundu cha sauti, alichokinunua Lindani kwa mtu. Maikrofoni huchomekwa kwenye kisanduku, kisanduku huchomekwa kwenye kompyuta. Ila viwili hivi havielewani mpaka pawe na programu ndogo katikati ya kupitisha maneno, na programu hiyo wenyewe wanaiita dereva. Kompyuta ilikuwa imejibadilisha mambo yake wiki hiyo, kama zinavyofanya, na dereva wa zamani ikamtema.

"Dereva amekufa," Lindani alisema.

Shangazi alimgeukia kwa huruma. "Poleni, baba. Alikuwa wa hapa hapa mtaani?"

Lindani alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamweleza kwa kirefu dereva ni nini, kwa sauti ya kumweleza mtoto, na Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kama ni hivyo basi atafute dereva mwingine, maana gari liko na abiria wamekaa.

Lindani akamtafuta kwa bando langu. Tovuti ya wenye visanduku ilikuwa na visanduku vya kila namna, na kila kimoja na dereva wake. Yeye alichagua kwa rangi. Chekundu ni chekundu, alisema. Kioo kikauliza jambo, akabonyeza ndiyo. Kikauliza jingine, ndiyo. Sijawahi kuona mtu akikubali mengi hivyo bila kuyasoma, ila bwana harusi. Kompyuta ikazima, ikawaka, ikasema haioni kisanduku chochote.

Hapo ndipo sisi tulipoanza kuwa na makosa. Kwanza friji: inanguruma, inatia umeme mchafu. Nikaizima, na nyama yote ya kumsindikizia Shangazi ikaanza kutoa maji. Halafu bangili za Shangazi zinalia. Akazivua. Halafu shanga. Akazivua, na hizo alipewa na mama yake. Halafu mimi nasimama vibaya mlangoni, nazuia hewa. Kila baada ya kosa jipya Lindani alikuwa akimwambia Shangazi aingie kabatini aseme moja, mbili. Shangazi anasema moja, mbili. Kompyuta kimya. Injinia anamwondoa dereva, anamrudisha dereva, Shangazi anaingia tena, moja, mbili. Nilimpelekea maji ya uvuguvugu, na nilisikia jinsi ile mbili ilivyokuwa inazidi kukwaruza.

Nilimwambia Lindani, kwa adabu, kwamba labda amuache Shangazi apumzike, mimi nitahesabu badala yake. Akaniambia, "Shemeji, sauti yako haina uzito wa kupimia mitambo."

Mwishowe Shangazi alikataa. "Mimi sikuja kuhesabu," alisema, akakaa kitandani na kufumba mdomo, na macho pia.

Jua lilikuwa limeshageuka Lindani alipopata, kwa ushauri wa watu wasiomjua huko mtandaoni, dereva wa jumla. Huyu hakutengenezewa kisanduku fulani. Ni dereva wa kila kitu, anakubali kazi yoyote na gari lolote. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Na safari hii Lindani aliposema "haya sasa," mistari ya kijani, ile ya kuonyesha kwamba sauti inaingia, ikaruka kwenye kioo. Alipiga makofi. Alijisifu kwangu, akajisifu kwa ukuta, akampigia rafiki yake Sanele kujisifu. Alisema vijana wengi wangekuwa wameshakata tamaa.

Shangazi akaingia kabatini na kuvalishwa visikizi masikioni. Akaanza jina la kwanza, akasimama.

"Kuna mtu humu ananiiga," alisema kutoka ndani ya mablanketi.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, inamfikia masikioni kwa kuchelewa. Lindani alieleza kwamba ni kawaida, Shangazi akasema kwake si kawaida, hawezi kuwaita wazee huku nyuma kuna mtu anawaita tena kwa dhihaka. Injinia alipapasa huku na kule, mara sauti ikapasuka kama mafuta ya moto, mara ikachelewa zaidi. Suluhisho lake la kisomi likawa kumvua visikizi. Asisikie kitu, aseme tu. Akafunga mlango wa kabati.

Basi Shangazi akasema. Sijui nielezeje. Mwanamke ambaye asubuhi nzima alikuwa akibanwa na kikohozi alisimama humo gizani, nilisikia kigoda kikisogea, akawaita mababu wa nyumba hii mmoja mmoja kwa sauti ambayo hata ikipita katika mablanketi ilinifanya niinamishe kichwa. Alitoa yote. Lindani alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mgongo kwangu, anakula amagwinya, maandazi ya kwetu, aliyoyanunua kwa jirani, yale manene yenye soseji ya kukata, na simu ameibana begani; alichokuwa akisema sikukifuata, masikio yangu yalikuwa kabatini. Mistari ya kijani ilikuwa inaruka vizuri kweli. Nikafurahi, nikidhani ni Shangazi.

Alipotoka alikuwa ameshikilia mlango, na kinywa chake kilikuwa kikienda bila kutoa neno. Nikampa maji. Lindani alitabasamu kama mwenye duka, akafungulia spika kubwa ili tusikie.

Kilichotoka kwanza ni kutafuna. Kutafuna kwa karibu, kwa mate, kama ng'ombe yumo ndani ya sikio lako. Kisha pua ikavutwa. Kisha sauti ya Lindani, safi, nene, ya redio kweli, ikisema: "Niko kazini, Sanele. Nimemfungia bibi kizee kabatini anabweka. Nitamtia ngoma kwa chini, tuuze. Hawa hawajui chochote." Na nyuma kabisa, mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, Shangazi, akiwataja watu ambao hakuna aliyeweza kuwasikia ni nani.

Dereva wa kila kitu hakukiona kisanduku chekundu hata siku moja. Alikuwa amechukua masikio ya kompyuta yenyewe, kile kitundu kidogo juu ya kioo, sentimita chache kutoka mdomo wa Injinia. Ile maikrofoni ya kabatini na waya wake mrefu ilikuwa pambo.

Lindani alizima spika. Alisema ni dereva. Alisema pia ni kompyuta, na ni Sanele kupiga simu wakati wa kazi, ingawa aliyepiga ni yeye. Alisema ni jambo dogo sana, Shangazi arudie tu, sasa ameshajua tatizo. Akachokora, akaondoa, akarudisha, na kisanduku hakikuonekana. Wakati huo wote Shangazi hakumlaumu. Alikuwa anakunywa maji yake kwa kijiko.

"Mkamwana," aliniita, na lile neno lilitoka nusu. "Hebu niulizie. Hiyo kompyuta inasikilizia wapi?"

Nilimtazama Lindani. Lindani akatazama chini, kisha akanyoosha kidole kwenye kile kitundu.

"Ondoka kwenye kiti, baba," Shangazi alisema.

Lindani alisema sauti haitakuwa ya kitaalamu. Alisema itaingia kelele za chumba.

"Kelele za chumba ni wewe. Ingia humo."

Nilidhani atabisha. Lakini huyo ni dada wa baba yake, na yale ya Sanele yalikuwa bado yako hewani. Injinia akainamisha kichwa, akaingia kabatini, akakaa kwenye kigoda. Nilimfungia mlango mimi mwenyewe, na sikuubamiza.

Shangazi akakaa, akakikaribia kile kitundu kama anayemnong'oneza mtu, nami nikabonyeza pale aliponielekeza Lindani kwa kupiga kelele kutoka ndani. Sauti ya mara hii haikuwa ile ya kwanza. Ile ya kwanza imekwenda, ameila Lindani pamoja na soseji. Hii ilikuwa mkwaruzo, lakini kila jina lilikaa mahali pake, moja baada ya jingine, na kwetu mtu akianza kusifu hakatizwi, hata nyumba ikiwaka moto. Alipofika kwa babu mzaa baba wa Lindani hakusimama kuvuta pumzi. Aliunganisha. Mzee yule aliyevuka mto na mifugo yake, alisema, aliyemzaa fulani, aliyemzaa Lindani:

"Ndiyo-Ndiyo asiyesoma alichokubali,
Injinia wa mayai yasiyoanguliwa,
mfungaji wa mashangazi kabatini,
dereva aliyeliondoa gari kabla ya abiria,
mtafunaji aliyewatafuna babu zake kwa soseji!"

Na kutoka hapo, kwa pumzi hiyo hiyo, akarudi juu kwa mzee mwingine, akampitisha Lindani tena katikati, akashuka, akamaliza.

Jumatatu walimpasua. Uvimbe umetoka, naye yuko Nongoma, mzima. Sauti imerudi ya kunong'ona, inatosha kuomba chai, haitoshi kusifu mtu. Kwa hiyo kilichopo ni kile kilichorekodiwa siku ile, na kimeshafika kwenye simu za ukoo wote, mpaka kwa wale walioko Johannesburg. Mkwaruzo ule ndio watakaojifunza watoto. Wangeweza kujifunza ile sauti nyingine, niliyoisikia mimi na mablanketi.

Lindani alijaribu kuusafisha mkwaruzo huo, anavyosema yeye. Kusafisha kwenyewe ni kujitoa. Lakini Shangazi alikuwa amemfuma mle ndani bila kuacha upenyo. Ukikata Ndiyo-Ndiyo, unaondoka na mkia wa jina la babu. Ukikata mtafunaji, mzee mzima anapotea. Alikata hivyo hivyo, akausambaza, akidhani hakuna atakayegundua. Mume wangu aliusikiliza mara moja jikoni, akauweka chini mkate aliokuwa anakula, akaenda chumba cha nyuma.

"Rudisha babu," alimwambia.

"Kaka, ni sekunde chache tu—"

"Rudisha babu, ndipo uongee na mimi."

Akamrudisha. Na alipomrudisha babu, Ndiyo-Ndiyo naye akarudi.

Sasa vijana wa mtaani wanamsalimia kwa Ndiyo-Ndiyo, naye anawaambia waimbaji wake kwamba kulikuwa na tatizo la dereva. Kwangu kuna jambo moja tu. Mwanamke aliyeolewa kwetu haruhusiwi kutamka majina ya wazee wa kiume wa upande wa mumewe, hata silabi zake anazikwepa. Ndiyo maana humu sijaandika hata moja, na sitaliandika. Sifa zote zile nitazisikiliza mpaka nife nikiwa nimefunga mdomo. Lakini Lindani si mzee, ni mdogo wa mume wangu, na jina lake halijakatazwa. Hicho kipande chake nakijua chote kwa moyo. Nakisema nikiosha vyombo, na dirisha la jikoni linatazamana na la chumba chake.