Mwezi Mmoja wa Viatu vya Pasi

Mimi ni fundi viatu, na kwa miaka ishirini na mbili sijawahi kusifia kiatu cha dukani mbele ya watu. Si roho mbaya. Viatu vinavyofika mezani kwangu vimeshachoka: soli imeachia mdomo, kisigino kimelalia upande, gundi imekuwa unga. Ukikutana na watu siku za ugomvi tu, utawasifia lini? Kwa hiyo mwenye duka la vifaa vya michezo, jirani yangu wa mlango wa tatu, alipokuja na boksi jipya kwapani huku akinichekea, nilijua ana lake jambo.

"Mama fundi," akasema, "mtaa huu mtu hanunui kiatu kabla hajakuuliza wewe. Nipimie hiki mwezi mmoja. Ni cha mazoezi ya kila siku, laini, halafu kinashika mguu usianguke ndani. Uandike karatasi moja, nitaibandika ukutani kwangu jinsi ilivyo."

"Jinsi ilivyo?"

"Hata ukinitukana."

"Na nani atakivaa?"

"Si yupo mzee nyumbani? Nimeleta saizi ya Pasi kabisa."

Pasi ni mume wangu. Jina hilo alipewa na wenzake wa mpira zamani, kwa sababu akitoka kuoga unyayo wake unaacha sakafuni alama nzima, haina pengo katikati, kama pasi iliyowekwa chini. Ni kinyozi. Anasimama kutwa juu ya vichwa vya watu, na akitembea vifundo vya miguu vinalalia ndani, magoti nayo yanafuata mkumbo.

Boksi lile lilikuja siku ambayo nililihitaji kuliko mwenye duka alivyojua. Mimi na Pasi tuna miaka miwili tunakimbia pamoja alfajiri, kilomita sita, mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Nyumbani tuko tisa: watoto, mama mkwe, shemeji yangu na familia yake. Ukinong'ona jikoni unajibiwa sebuleni. Barabarani ndiko tunakoongea. Huko ndiko nilikomwambia kwamba naogopa kuzeeka, na huko ndiko alikonichekesha siku moja mpaka nikakaa chini kwenye ukingo wa barabara, watu wakadhani nimezirai.

Sasa goti lake la kulia lilikuwa limeanza kuvimba. Daktari alilibonyezabonyeza, akasema tutafute viatu vinavyomshika vizuri, tujaribu mwezi mmoja. Goti likituna tena, basi kukimbia kumekwisha, aende akaogelee. Pasi hajui kuogelea. Na hata angejua, mimi na yeye tungeongea nini, kichwa kikiwa ndani ya maji?

"Sharti langu ni moja," mwenye duka akasema kabla hajaondoka. "Usikifungue, usikishone, usikiongezee kitu. Naijua mikono yako. Nataka kipimwe kiatu, usipimwe wewe."

Nikamwapia.

Jioni nilikiweka kwenye mizani ya jikoni. Gramu mia tatu na kumi. Mama mkwe alichungulia akauliza, "Leo tunapika kiatu?" Nikakibonyeza kwa kidole gumba, povu la chini lilizama, kisha likarudi mahali pake bila haraka. Nikakishika ncha na kisigino nikajaribu kukikamua kama tambara. Mbele kilikunjika vizuri panapokunjika vidole, katikati kikakataa katakata. Kisigino kilikuwa kigumu, na pembeni povu lilipanda juu kidogo huku na huku, hivyo mguu ungekaa ndani yake badala ya kukaa juu yake. Kazi safi, sikatai. Lakini ulaini ule ulinitia shaka. Mtu mwenye nyayo bapa ukimpa kitu laini tu, umemlaza kwenye godoro lisilo na chaga.

Ndiyo sababu viatu vyote vya Pasi, tangu tuoane, nimevitia kabari. Ni kipande cha ngozi kinachokaa chini ya soli ya ndani, kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili, kinamwinua pale anapoangukia. Hajawahi kuvaa kiatu bila ngozi yangu. Hata ndara nimezitilia.

"Hiki hakiwekwi kabari," nikamwambia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata mguu wa kulia tu?"

"Baba watoto, nimeapa."

Akaitazama miguu yake kama mtu anayeagana nayo, akaenda kulala.

Wiki ya kwanza nilikimbia nyuma yake, macho kwenye visigino. Nilikuwa na daftari dogo, na nikirudi naandika kabla ya chai. Kamba hazifunguki zenyewe. Ulimi hautelezi pembeni. Vidole vina nafasi. Kwenye saruji iliyolowa havitelezi, kwenye kokoto havichomi. Mvua ikivinyeshea vinachukua siku nzima kukauka, hilo nalo nililiandika na kulipigia mstari. Na kila asubuhi, kabla hatujaamka vizuri, nilikuwa napeleka mkono chini ya shuka kushika goti, maana uvimbe wake huja usiku. Likawa kavu, halina uvimbe. Siku ya nne kavu, siku ya saba kavu. Nilikuwa nashona viatu vya watu huku naimba, wateja wakaniuliza kama nimepata mjukuu.

Wiki ya pili vivyo hivyo, ila Pasi alipunguza maneno. Wiki ya tatu akanyamaza kabisa. Huyu ni mtu anayeongea kutwa na watu waliofunikwa shuka mpaka shingoni, hawana pa kukimbilia, halafu akitoka na mimi anabubujika yale waliyomwambia. Sasa tulikuwa tunakwenda kilomita sita nasikia nyayo tu. Mara mbili nilimwona akiinama, akagusa kifundo cha mguu upande wa nje, akajifanya anavuta soksi.

"Una nini?"

"Soksi."

"Soksi gani kila siku?"

"Soksi tu, mama watoto."

Jumapili ile nikavipindua viatu mezani, nikavitazama soli. Mguu wa Pasi naujua. Unakula soli upande wa ndani, haujawahi kula kwingine. Soli hizi zilikuwa zimelika nje. Ukingo wa nje wa kisigino ulikuwa umeng'aa, mistari imeanza kufutika, na ndani mpira ulikuwa mpya kama ulivyotoka boksini. Nikamwita, nikamkalisha, nikambonyeza pale alipokuwa anaficha kwa soksi. Aliruka nusura ateguke shingo.

Mambo yakawa wazi kwangu. Kiatu hiki hakimshiki mtu, kinamsukuma. Kimemwokoa goti kikamvunja kifundo. Daktari tulikuwa tumuone baada ya siku nane, na mtu anayechechemea hata daktari wa meno atamkataza kukimbia. Nilishika tama pale mezani. Nilimkasirikia mwenye duka, nikalikasirikia povu lake, nikawakasirikia watu wa kiwandani nisiowajua hata kwa sura. Kisha nikachukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa, nikaenda kumsomea Pasi chumbani kwa sauti ya chini.

"Kiatu hiki kinasukuma mguu nje. Mwenye nyayo bapa asikinunue."

"Nini kisinunuliwe?" mama mkwe akauliza kutoka sebuleni.

"Hakuna, mama!"

Pasi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Aliniangalia, akaiangalia karatasi.

"Usiipeleke," akasema.

"Nisiipeleke kwa nini? Mtu mwingine aumie?"

"Kiatu hakina kosa."

Akakivuta kile cha kulia, akaingiza vidole, akang'oa soli ya ndani. Chini yake ilikuwapo kabari ya ngozi. Akang'oa na ya kushoto, nayo ilikuwa na yake. Akaziweka zote mbili kwenye kiganja, akaninyooshea mkono bila kuninyanyulia macho.

Nilizitambua papo hapo, kwa ubaya wake. Zimekatwa kwa kisu butu, ukingo umekwenda upogo, na moja ina tundu la msumari nilioupiga nikajuta. Nilikuwa fundi mchanga wakati ule. Ndizo za kwanza kabisa kumkatia, za viatu vyake vya harusi.

"Umezitoa wapi?"

"Si lile boksi la viatu vya harusi, juu ya kabati."

"Mimi nimeapa kwa watu!"

"Wewe ndiye uliyeapa," akasema. "Mimi sikuapa."

Nikampiga na kiatu begani. Si kwa nguvu, lakini alisikia. Akaanza kusema polepole, macho yakiwa kwenye zile ngozi.

"Niliogopa, mke wangu. Goti likivimba tu, alfajiri zetu zimekwisha. Tutabaki kuitana mezani, nipe chumvi, pokea chumvi. Hiki kiatu mimi sikijui. Wewe nakujua. Miaka yote hii nakanyaga ngozi yako, leo unaniambia nikanyage povu la watu baki? Siku ya kwanza nilifika mlangoni, miguu ikakataa. Nikarudi, nikapanda kabatini."

Sasa mtu kama huyu utamfanya nini? Nilitaka kumgombeza, maneno yakaja na kicheko juu yake, nikaangukia kitandani nimejishika mbavu. Naye akaanza. Tulicheka mpaka shemeji akagonga ukuta.

Lakini kuna jambo nililijua nikiwa bado nacheka, na nitalisema. Nilipoziona zile soli zimelika nje, pamoja na huzuni yote, ndani yangu kulikuwa na kipande kidogo kilichofurahi. Kiatu kimeshindwa, ngozi yangu imeshinda. Nilikuwa tayari kukichafulia kiatu jina ukutani kwa watu, na sikukifungua hata kutazama ndani. Nikasema nimeshika kiapo. Fundi wa miaka ishirini na mbili! Nikaona haya, nikaichana ile karatasi vipande vipande.

Maana hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kiatu kinamwinua upande wa ndani, kabari nayo inamwinua palepale. Ni watu wawili wamempokea mlevi mmoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake, wakamwangusha upande wa pili.

Tulimpumzisha kifundo siku nne. Siku ya tano alfajiri Pasi akasimama mlangoni na viatu vyake, vitupu, soli zimerudishwa mahali pake. Akakanyaga hapo kama anajaribu maji ya moto.

"Nikianguka?"

"Nitakuokota."

Nikakimbia nyuma yake, roho mkononi. Mita mia mbili za kwanza alikwenda kama mwizi. Alipofika kwenye ukuta wa shule akasahau, na mtu akisahau miguu ndipo unapoiona kweli. Visigino vilitua wima. Vilizama kidogo, vikashikwa, vikanyanyuka. Havikuingia ndani wala havikutoka nje. Tangu nimjue mume wangu sijawahi kuviona vikikaa hivyo bila mkono wangu, na nilidhani nitaumia moyoni. Sikuumia hata chembe. Nikaongeza mwendo nikamfikia, na yeye akaanza kubwabwaja: mteja amelala kitini, amenyolewa nusu kichwa, simu ikamwamsha, akatoka mbio na shuka shingoni, na mpaka leo hajarudi. Tulipofika kwenye tangi la maji nilikuwa nalia kwa kucheka.

Karatasi niliiandika baadaye, daktari alipoturuhusu kuendelea kukimbia na viatu vikapimwa wiki mbili zaidi bila kabari, na mpaka sasa iko ukutani dukani. Nimesema ni kiatu cha kila siku, si cha mashindano, kwa sababu mwenye haraka atauona uzito wake. Nimesema kikilowa kinakasirika, na kamba ni ndefu za kufungia mbuzi. Nimesema kinamshika mwenye nyayo bapa, na asikiongezee kitu, hata kitoke kwa nani. Mwenye duka aliisoma mara mbili akaniuliza kwa nini mwezi mmoja umekuwa wiki sita. Nikamwambia mvaaji alikuwa na hofu.

Ila siku ninayoikumbuka ni kesho yake ya zile mbio za kwanza za kweli, kabla daktari hajasema lolote. Niliamka nyumba nzima imelala. Goti halisemi barabarani, husema asubuhi, na mimi nililala nimetazama dari naogopa kupeleka mkono. Nilijiambia nihesabu mpaka kumi, nikafika ishirini na kitu. Hatimaye nikaupeleka chini ya shuka. Nikashika la kushoto kwanza, nipate cha kulinganisha. Kisha la kulia. Lilikuwa baridi, limekauka, mifupa yake yote naihesabu kwa vidole. Nikashika tena la kushoto, nikarudi la kulia, nikashindwa kujua lipi ni lipi. Machozi yakanitoka, na ya furaha hayana adabu, yanaingia mpaka masikioni.

"Umemaliza kupima?" Pasi akauliza, macho amefumba.

"Nimemaliza."

"Sasa mbona mkono hutoi?"

Nikauacha pale pale kidogo, kisha tukaamka tukavaa viatu.