Jiwe la Abner

Abner alitangulia, Rosina akafuata nyuma, kwa sababu alitaka kuuona mgongo wake muda wote. Tangu washuke wakishikilia minyororo pale Hobas, korongo linakoanzia, magoti yalikuwa yakiwauma na viatu vimejaa mchanga, lakini Rosina hakulalamika hata mara moja. Alikuwa na kazi humo korongoni.

Kazi yenyewe ilimhusu kaka yake, Hiskia. Mwaka uliopita yeye na Abner waliingia kukagua njia ya wageni kabla haijafungwa kwa msimu wa joto, akatoka Abner peke yake. Alipofika Ai-Ais, korongo linakoishia, alisema Hiskia ameteguka mguu na amemwacha kivulini kando ya bwawa, ana chupa imejaa maji, anasubiri msaada. Waliokwenda kumchukua hawakufika mbali, mto uliokuwa umekauka ukafurika kwa mvua za huko juu. Mwili ulikuja kuokotwa chini kabisa, umenasa kwenye miti. Nani angebisha? Kanisani walimpa Abner pole kama mfiwa, na mama yake Rosina akampikia.

Rosina hakula siku ile. Mwaka mzima alijiuliza jambo moja tu, kama kaka yake aliachiwa maji au hakuachiwa. Mwishowe alimwendea Abner kwa sauti laini, akamwomba ampeleke kwenye hilo bwawa akaweke jiwe. Kwao, aliyekufa safarini huwekewa jiwe pale alipobaki, na anayepajua mahali hapo hapiti mikono mitupu, labda awe anajitafutia balaa. Abner asingeweza kukataa mbele za watu.

Asubuhi ile Rosina alimuuliza kama bwawa liko karibu.

"Bado, dada," Abner alisema. "Tumalize kwanza hii kona kavu, halafu kuna genge jekundu. Mbele ya hapo ndipo bwawa lilipo."

Kona ilikuwa ndefu, haina kivuli hata cha kujificha mjusi. Abner, ambaye alikuwa akipiga soga tangu kahawa ya alfajiri, akanyamaza ghafla. Walipofika kwenye mwamba mmoja mweusi akasema Rosina atangulie, yeye anajisaidia. Rosina alitangulia hadi nyuma ya jabali, akageuka na kuchungulia.

Abner hakujisaidia. Alitazama huku na huku, akaokota jiwe, akaliweka chini ya mwamba taratibu, midomo ikimchezacheza. Wazima alikuwa amewadanganya wote bila kupepesa macho, mchungaji akiwemo. Maiti ndiye aliyemtia hofu.

Rosina akarudi.

"Unamwekea nani?"

Abner akaifuta mikono kwenye suruali.

"Mimi sioni bwawa hapa, kaka Abner."

Abner alikaa chini, akaeleza yote. Ilikuwa imebaki chupa moja. Kwa watu wawili isingetosha, na Hiskia mguu ulikuwa umeshavimba, kwa hiyo aliichukua yeye. Alilia. Rosina alidhani yeye mwenyewe angepiga kelele au angemrukia. Badala yake alifurahi, furaha chungu ya mtu aliyemkamata mwizi wa mbuzi wake akiwa bado ameshika kamba. Alivuta mkoba wa Abner, akatoa chupa zake za maji, akazipakata.

"Jiwe moja halitoshi," alisema. "Panga."

Abner alipanga. Jua lilikuwa utosini na mawe yalichoma viganja, akawa anayabeba kwa shati. Rosina aliketi akanywa maji, tena hakujificha. Kila Abner aliposimama, alimwonyesha jiwe jingine kwa kidole cha mguu. Rundo lilipomfika kiunoni, midomo yake ilikuwa imepasuka na jasho limekauka.

"Naomba maji, dada."

"Hiskia alikuomba?"

"Aliomba."

"Ukamjibu nini?"



"Nilimwambia bwawa si mbali."

Rosina aliinuka. Aliweka jiwe lake juu kabisa, akamwita kaka yake kwa jina, akamwambia dada yake amefika. Kisha akazitundika chupa zote begani.

"Basi si mbali," alisema, akashika njia.

Nyuma yake alisikia kokoto zikisagika, Abner akija, akianguka, akiinuka tena. Rosina alikuwa ametegemea moyo utatulia siku akishaujua ukweli. Haukutulia, ulitaka zaidi. Hakupunguza mwendo.