Siku Afande Alipokataa Kuamuru

Kazi ilikuwa imeshamwangukia mikononi. Kilichobaki ni yeye kusema ndiyo. Wenye maduka walitaka kikosi cha walinzi wenye vifua vipana, kiwaondoe wachuuzi wote barabarani, na mkuu wa kikosi awe sajenti mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Afande. Angepata mshahara. Zaidi ya mshahara, angepata tena watu wa kuwaamuru, maana tangu astaafu alibaki kukagua vitanda vya wajukuu, na mkewe alishamwambia mara si moja kwamba sufuria zake hazipigi saluti.

Tatizo lilikuwa dada yake. Mdogo wake wa tumbo moja, mjane, aliuza nguo za mtumba za watoto mbele ya duka la vioo, na meza ile ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha wanawe.

"Kaka, ukikubali, njoo uniondoe wewe mwenyewe," alimwambia. "Usitume mtu."

Shauri likapelekwa kwenye mdahalo wa Jumamosi alasiri, katika darasa la shule ya msingi ambamo watu wazima wa mtaa husoma jioni. Afande mwenyewe alijifunzia kuandika insha humo, magoti yakigonga dawati. Maduka, wachuuzi na manispaa walikuwa wamekubaliana kufuata kura ya siku hiyo. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wao, mama mwembamba asiyepandisha sauti. Na mdahalo wao una sheria moja ambayo haivunjwi hata na mkubwa: hujibu hoja ya mtu mpaka uirudie kwanza kwa maneno yako, na mwenyewe akiri kwamba umeisema sawasawa. Akisema "ndivyo," unaendelea. Akisema "sivyo," unaanza upya.

Alianza mwenye duka la vioo, ambaye waliozoeana naye humwita Bosi Vioo.

"Mimi ni mtu wa soko huria," alisema. "Serikali isinipangie niuze nini wala kwa bei gani. Mwenye bidii apate, mzembe afunge duka. Lakini hawa wanauzia mlangoni kwangu bila pango wala kodi. Juzi vijana wangu wanapitisha kioo cha kabati, mtu kawapiga kikumbo, kioo chini. Waje walinzi, barabara iwe nyeupe."

Akafuata ofisa wa manispaa, Bwana Leseni. "Fujo hii ni kwa kukosa taratibu. Kila meza iwe na kibali, kila kibali kiwe na picha, kila picha igongwe mhuri."

"Na mhuri nao upigwe picha?" sauti ya nyuma ikauliza. Watu wakacheka. Bwana Leseni hakucheka.

Dada yake Afande akasimama. "Sisi mtuache tu. Mteja ana macho, ataamua anunue wapi."

"Anasema waachwe, mteja aamue. Ndivyo?" Bosi Vioo aliuliza haraka.

"Ndivyo."

"Na kesho akija mchuuzi mgeni, akaweka meza mbele ya meza yako?"

"Huyo aondolewe," alijibu bila kufikiri, na darasa zima likaangua kicheko. Akaketi, uso umemshuka.

Ndipo Afande aliposimama, suti yake imepigwa pasi hadi ikakaribia kukata. Akaanza na sheria ya mdahalo.

"Bosi Vioo anasema hivi. Duka lake alilipata kwa jasho. Kila asubuhi, kabla hajauza hata kipande, tayari anadaiwa pango, umeme, kodi na mishahara ya vijana. Nje ya mlango yupo anayeuza bila kudaiwa hata kimoja. Bosi haogopi kushindana. Analalamikia mbio ambazo yeye kafungwa gunia mgongoni na mwenzake anakimbia mikono mitupu. Na kioo kikipasuka, hasara si yake peke yake. Kinaweza kumkata mtoto aliyeletwa kujaribishwa fulana. Kama hakuna wa kumlinda, kwa nini asijilinde?"

Wenye maduka wakapiga makofi, na baadhi ya wachuuzi nao wakajikuta wanapiga.

"Ndivyo," Bosi Vioo alisema, akipangusa miwani. "Ndivyo kabisa. Ningejua, ningekuacha uniongelee tangu mwanzo."

"Tupige kura basi," mtu akasema.

 Wiki nzima Afande alikuwa amekesha na sehemu hii ya kumsemea Bosi Vioo, kwa kuwa ndiyo aliyoiona ngumu, akaisugua mpaka ikang'aa, na sasa imemvuta kila mtu. Alimwona dada yake anachukua mkoba na kuinuka, hamwangalii.

"Sijajibu bado," alisema.

"Mwacheni ajibu," Mwalimu akaamua. "Na wewe mama, keti. Kikao hakijafungwa."

Afande akakunja karatasi yake akaitia mfukoni.

"Niliwahi kutumwa nchi ya mbali kulinda mji. Amri ilikuwa tusafishe barabara ya sokoni. Tuliisafisha asubuhi moja, wala hatukumpiga mtu hata kofi. Bunduki ilionekana tu, ikatosha. Nikampigia saluti mkubwa wangu: barabara nyeupe, afande. Kesho yake wauza mboga hawakuja. Walipokosa kuja, wanunuzi nao wakapotea. Wenye maduka waliotuletea chai siku ya kwanza ndio waliokuja kutuomba tuondoke. Na hatukuweza kuondoka, kwa sababu tungetoka tu, watu wangegombea nafasi, mwenye misuli ampore asiye nayo. Nguvu inajua kuondoa, haijui kupanga. Na ikishaondoa, inabidi isimame palepale milele, nanyi mnailipa."

Akamgeukia Bosi Vioo. "Siku ile ya mvua kubwa, wachuuzi wote walibaki nyumbani. Barabara ilikuwa nyeupe kama unavyoitaka. Uliuza nini?"

Bosi Vioo alikuwa mtu wa kelele, lakini si mwongo. Alijikuna shingo. "Kioo cha mkononi. Kimoja."

"Kwa nani?"

"Kwa mke wangu."

"Na alikulipa?" ikauliza ile sauti ya nyuma, na madawati yakatetemeka kwa vicheko.

"Hutaki serikali itie mkono dukani kwako," Afande akaendelea. "Mbona unataka walinzi watie ngumi kwenye meza ya mwenzako?"

Kisha akamgeukia ofisa wa manispaa.

"Bwana Leseni anasema sheria iwepo, ili mkubwa na mdogo wapimwe kwa kipimo kimoja. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Nakuunga mkono. Lakini sheria ya picha na mihuri inamfaa anayejuana na dirisha la ofisi yako. Mimi nataka sheria inayoonekana kwa macho. Tupige mstari wa rangi barabara nzima. Ndani ya mstari meza, nje ya mstari njia ya watu na vioo. Kila mchuuzi alipe ushuru wa meza, mdogo, naye asaidie kubeba lile gunia. Nani auze nini na kwa bei gani, hayo ni ya muuzaji na mnunuzi. Anayevuka mstari atozwe faini, awe mchuuzi au mwenye duka."

"Mwenye duka anavukaje?" Bosi Vioo aliuliza.

"Vioo vyako vya maonyesho viko wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

Bosi Vioo akaanza kucheka kabla ya wengine. "Barabarani, Afande. Viko barabarani."

Mwalimu akaita kura ya kikosi cha walinzi. Mikono michache ilinyooka, na wa Bosi Vioo ulibaki juu ya goti. Akaita kura ya mstari. Darasa likajaa mikono, wachuuzi na wenye maduka wamechanganyika, Bosi Vioo akiwa wa kwanza, na Bwana Leseni akiinua kalamu yake polepole kama mtu anayeogopa kuonwa na ofisi. Mwalimu hakuhangaika kuhesabu. Vigelegele vilitoka hadi kwenye uwanja wa shule.

"Umejinyima kazi, unajua?" Bosi Vioo alimwambia Afande mlangoni, akimshika mkono kwa mikono miwili.

"Ninajua."

Dada yake alimngojea nje, macho yamemwiva. "Karibu nikukane mbele za watu, kaka. Umeniletea presha bure."

"Jumatatu mstari ukishapigwa, ukiweka hata soksi moja nje, nitakushtaki mwenyewe."

"Ndiyo, afande," alisema, akabana mkono wake chini ya wa kaka yake.

Wakashika njia ya nyumbani, katikati kabisa ya barabara. Wachuuzi waliokuwa wakifunga meza zao walimwita kwa jina lake, naye aliwaitikia mmoja mmoja, kifua mbele, bila kumwamuru mtu.