Mabomba ya Sheikh Othman

Mkopo huu wa maji ya bomba umenichosha kuliko waliokopa. Miaka mitatu nauandikia barua hapa Hazina ya Aden, riba tunalipa, na mtaani kwetu Sheikh Othman hatujaona hata tone. Mke wangu, na mimba yake hiyo, bado ananunua maji ya gari la ngamia.

Sasa mabomba yameshuka bandarini Maalla. Nikadhani tumepona. Wapi!

"Mkopo ni wa mabomba, Salmin," akaniambia Bwana Hallam, Mwingereza mkuu wetu, bila kuinua macho. "Kuyabeba ni kifungu kingine cha bajeti, cha uchukuzi, na hicho kimekauka."

"Tuhamishe fedha kidogo basi, bwana."

"Mpaka London waandikiwe. Watajibu Mei."

Na Machi inaisha keshokutwa, na mwaka wa fedha pamoja nayo! Mabomba yasipokuwa mtaani siku hiyo, fedha za kuyatandika zinarudishwa London. Riba tutaendelea kuilipa. Wallahi nilitaka kulia, mtu mzima na tai shingoni.

Jioni nikamsimulia Ami Awadh, muuza maji wetu. Sikuwa naomba kitu, ni kuchoka tu. Alikuwa akimfungua ngamia wake.

"Nyinyi watu wa kalamu!" akacheka. "Pesa za kununua chuma mnazo, za kukibeba hamna?"

"Ndivyo, ami."

"Loh! Na mnajiita serikali."

"Usiniongezee uchungu."

Kesho yake aliwakusanya wauza maji wenzake wote. Magari ya ngamia yakaenda Maalla matupu, yakarudi mtaani yamelemewa na mabomba, ncha zikiburuta mchangani. Bwana Hallam akaja, akayakagua, akatia saini. Kisha akataka risiti ya uchukuzi.

"Hakuna, bwana. Wamebeba bure."

Akaguna. "Hiyo nitaiandika wapi?"

Nikamwacha na kalamu yake. Nikamfuata Ami Awadh, aliyekuwa ameketi juu ya bomba akijifuta jasho.

"Ami, unajua haya yakianza kutoa maji..."

"Najua, mwanangu. Mimi si mjinga. Lakini mkeo na ndoo zile, tumbo lile, nimechoka kumtazama." Akampapasa ngamia shingoni. "Hebu niambie. Huko kwenu Hazina, hakuna kifungu cha mtu kama mimi?"

Vifungu vyote navijua kwa moyo. Nilivipitia tena hata hivyo, kimoja kimoja, yeye akinisubiri.

"Hakuna, ami."