Majina ya Jigi ya Sabina

Kwetu jimboni Clare muziki wa kucheza huitwa kwa jina la mtu uliyeupata kwake, na ukimsahau, unabuni. Ndiyo maana jigi moja tu, muziki wa haraka unaokwisha kabla povu la bia halijatulia, ina majina mengi kuliko mtoto wa mfalme. Sisi tunaiita Soksi za Padri. Ng'ambo ya kilima ni Mbuzi Kanisani. Nimewahi kumsikia mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akiiita Uji wa Jana.

Mzee Fiachra Hehir aliyachukia yote. Jigi hiyo ilitungwa na mama yake, Sabina, naye alitaka iitwe Jigi ya Sabina, basi. Tukimaliza kuipiga tu, anaweka akodiani chini na kuturekebisha. Nasi kwa uchokozi tunamzulia jina jipya. Tulijua tunamwonea. Mama huyo aliugua muda mrefu akafa Fiachra akiwa mdogo, na alichomwachia ni jigi hiyo tu, aliyokuwa akimwimbia kitandani kwa sauti ya chini.

Jumapili moja, baani tunamopigia, akaja mgeni kutoka jimbo la Sligo, Ita, mpiga filimbi. Akaipiga jigi ile, tena vizuri kutushinda. Kama ilivyo desturi, tukamuuliza kwao inaitwaje.

"Msichana Anayecheka," Ita akasema.

"Inaitwa Jigi ya Sabina," Fiachra akamkatiza. "Msichana gani tena? Nyie watu wa Sligo mnaokota majina barabarani?"

Ita hakukasirika. Alieleza kwamba babu yake aliipata huku kwetu, kwenye gulio la farasi, kwa msichana aliyepiga fidla huku akicheka hadi upinde ukamponyoka. Babu aliona haya kumuuliza jina.

"Upinde alikuwa ameushika kwa mkono wa kushoto, mzee wangu. Babu hakuwahi kuona mwingine."

Huku kwetu kila mtu anajua ni Sabina peke yake aliyepiga hivyo. Hata mwalimu wake alishindwa kumgeuza.

"Alikuwa anacheka?" Fiachra akauliza polepole. "Una hakika?"

"Mpaka farasi wakageuka kumtazama."

Maisha yake yote Fiachra hakuwahi kumsikia mama yake akicheka. Akapakata akodiani yake. Nikamuuliza tupige ipi.

"Msichana Anayecheka," akasema. "Na atakayeiita vingine, mlango ule pale."