Kidole cha Bibi Mwanne

Ngurumo ya kwanza ilipopiga upande wa milima ya Mamboya, Bibi Mwanne alifanya kama afanyavyo kila mtu mwenye akili zake pale Kilosa: aliinuka, akachomoa ekstensheni ukutani. Redio ikanyamaza, feni ikasimama. Tangu radi imuunguzie marehemu mumewe redio ya mbao, hakuwa na mjadala na wingu. Yusrah, mjukuu wake, alikuwa uani anatawadha. Wingu lenyewe likajizungusha, likaenda zake Msowero bila kudondosha hata tone. Bibi akachomeka tena, redio ikarudi kuimba, naye akarudi kuchagua mchele.

Yusrah alipomaliza kuswali akakaa mezani. Mbele yake palikuwa na kompyuta ya mapajani, na kando yake kibao cha kijani cha ukubwa wa kiganja, nyaya zimechomoza kila upande. Kompyuta ilikuwa na betri. Kibao hakikuwa nayo.

"Mbona kimya?" akakiuliza.

Kibao hicho kilikuwa kiende Mikumi kesho yake, kikafungwe kwenye mashamba yanayopakana na mbuga, kipige king'ora tembo wakisogelea mahindi. Wakulima walishaahirishiwa mara moja. Mkubwa wake Yusrah kazini alimwambia wazi: safari hii ikishindikana, kazi anapewa mwingine.

"Kuna nini, mke mwenzangu?" Bibi akauliza.

"Hakiamki, bibi."

"Kimwagie maji. Si ndivyo ninavyokuamsha wewe?"

Yusrah akacheka kidogo, cheko la kuchoka. "Haya, kitendawili."

"Tega!"

"Huamka wa kwanza nyumbani, akishaamsha wenzake humwoni tena."

"Jogoo."

"Jogoo utamsikia mpaka saa nne. Nipe mji."

"Chukua Mvumi."

"Nimekwenda Mvumi, nimekula wali kwa kuku, nimerudi. Ni programu ndogo inayokaa humu ndani. Inaamka kwanza, inauamsha mfumo endeshi, ule mkubwa, kisha inajiweka kando. Ndiyo niliyoiacha inaandikwa humu nilipokwenda kutawadha. Nadhani nimekuja na faili bovu. Itabidi niende Morogoro kwenye intaneti nikapakue jingine."

"Leo?"

"Leo. Mikumi nitawapigia simu kwamba sifiki."

Bibi akachambua punje mbili tatu. "Haiharibiki kwa kitu kingine, hiyo programu?"

"Umeme ukikatika katikati ya kuandika. Inakuwa kama mtu aliyeelekezwa nusu ya njia. Lakini haukukatika, si unasikia redio?"

Bibi aliisikia sana. Vidole vyake vikatulia ndani ya ungo. Mtaa mzima alishautangazia kwamba mjukuu wake anafukuza tembo kwa kompyuta. Na umeme wa Kilosa una dhambi nyingi. Ukiongezewa moja, nani angeshtuka? Angesema tu, ulikatika kidogo ukarudi. Yusrah alikuwa tayari anafunga mkoba.

"Yusrah."

"Abee, bibi."

"Umeme haukukatika. Nilichomoa mimi. Ngurumo ilipiga."

"Ukachomeka tena?"

"Si wingu liliondoka!"

Yusrah akasimama na mkoba wake. Bibi akautazama mchele. Alijiandaa kwa lolote.

"Kwa hiyo faili ni zima," Yusrah akasema taratibu.

"Mimi ya faili siyajui. Najua nilichomoa."

"Bibi, faili ni zima! Siendi Morogoro!" Mkoba ukatupwa kitini. "Njoo hapa. Unaona kitufe hiki? Kikibonyezwa wakati umeme unaingia, kibao hakiangalii ndani, kinaomba programu kwa kompyuta kupitia waya huu. Na waya wenyewe umelegea, lazima niushike. Mkono mwingine nachomeka. Bonyeza wewe."

"Mimi? Baada ya nilichofanya?"

"Kidole kilekile, bibi."

Bibi akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza kwa ncha ya ukucha, pumzi ameibana. Yusrah akachomeka. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea herufi C, kisha nyingine, kisha nyingine, kama mtoto anayeomba bila kuchoka. Yusrah akaituma programu ndogo, ikapokewa. Akaufuatisha mfumo endeshi, na huo haukuwa na haraka.

"Hodi humu!" Alikuwa Hildegarda, jirani, yule aliyezaliwa kambi ya mkonge. "He, Mwanne! Umeinamia nini? Unaitoa kompyuta chawa?"

"Kaa hapo mlangoni. Usiguse kitu. Hata ukuta usiuegemee."

"Makubwa!" Akakaa.

Maandishi yakapanda kwenye kioo, yakapanda, yakasimama. Kisha kibao kikauliza jina la anayeingia.

"Kimeamka!" Yusrah akapiga meza. "Kesho Mikumi!"

Hildegarda akapiga kigelegele, hata hajui ni cha nini.

"Sasa nitoe kidole?" Bibi akauliza.

Yusrah akageuka. "Bibi! Bado umebonyeza? Ulitakiwa kuachia zile C zilipotokea!"

"Ungesema. Mimi leo sichomoi kitu, wala siachii kitu, mpaka niambiwe."