Hata Mtoto Unamwogeshea

Siku ya soko la shule, darasa la biashara liliuza sabuni ya vyombo na dawa ya kusafishia choo. Wanafunzi walikuwa wamezichanganya wenyewe kwenye mapipa ya plastiki nyuma ya maabara, wakapanga bei, wakazijaza kwenye chupa na kubandika karatasi za majina. Zote mbili walizitia rangi ya kijani, maana ndiyo rangi pekee iliyokuwepo. Mwalimu wa biashara alijiweka kando makusudi. Alitaka waijue biashara kwa mikono yao, siyo kwa kunakili ubaoni.

Muuzaji wao mkuu alikuwa msichana waliyembandika jina la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Wateja walipita meza za wenzake, kwake wakasimama.

Jua lilipoanza kuwa kali, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliishika chupa akaigeuzageuza.

"Mwanangu, mimi nyumbani nanunua sabuni moja tu. Hii ya vyombo nitaifanyia nini?"

"Inafaa kwa kila kitu, mama. Hata mtoto unamwogeshea! Ngozi inabaki laini kama pamba."

Yule mama akacheka, akatoa pesa. Alisema wanakaa nyuma ya karakana ya seremala, vumbi la mbao limemjaa mwanawe hadi masikioni, na maji nayo yamekatika. Yakirudi kesho, huyu ndiye wa kwanza kuingia kwenye beseni. Chiriku alimpungia mtoto mkono, akamgeukia mteja mwingine.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, walirudi kusafisha darasa. Mkemia, msichana mpole aliyesimamia uchanganyaji, alipiga kumbo chupa ya sabuni iliyobaki bila kuuzwa. Ikaanguka, kifuniko kikafyatuka. Pale ilipomwagika, sakafu ya saruji ilianza kuchemka. Povu jeupe likapanda likitoa sauti kama mafuta kikaangoni, na harufu kali ikawachoma pua.

"Rudini nyuma!" Mkemia alisema. "Hiyo siyo sabuni. Hiyo ni dawa ya choo. Ina tindikali."

Walitazamana. Katoni moja nzima ya dawa ilikuwa imebandikwa karatasi za sabuni, na katika katoni hiyo zilikuwa zimebaki chupa chache tu. Nani aliyebandika? Walibandika wote, kwa haraka, huku wakipiga soga.

Mwalimu alipoitwa, alichuchumaa akaitazama sakafu iliyolika. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umepauka.

"Tusitangaze kwanza," alisema, akijifuta jasho ambalo halikuwepo. "Nipeni nafasi nifikiri. Mkuu wa shule akisikia hili, mimi sina kazi."

"Mwalimu." Sauti ya Chiriku ilitoka nyembamba mpaka wenzake wakageuka kuhakikisha ni yeye. "Kuna mama nilimwambia amwogeshee mtoto."

"Ulimwambia nini?"

"Wanakaa nyuma ya karakana ya seremala," Chiriku alisema, akielekea mlangoni. Mwalimu alimtazama, kisha akasahau habari ya kazi. Aliwagawa wanafunzi papo hapo waende kwa kila mnunuzi waliyemfahamu, wazichukue chupa bila kuona haya. Yeye na Chiriku wakatoka mbio.

Karakana ya kwanza waliyoijua ilikuwa na ghala tu nyuma yake. Seremala akawaelekeza nyingine, ng'ambo ya barabara kuu. Njiani Chiriku aliona bomba la mtaa likimwaga maji kwa nguvu na ndoo zimepangwa foleni. Maji yalikuwa yamerudi. Akawa anamwona yule mtoto kila anapofumba macho, na kila anapoyafumbua.

"Yamerudi tangu saa ngapi?" alimuuliza mwanamke wa kwenye foleni.

"Tangu alfajiri, dada. Umechelewa!"

Alikuwa anataniwa tu, lakini neno hilo lilimwingia kama msumari. Aliongeza mbio hadi akamwacha mwalimu nyuma.

Nyuma ya karakana ya pili kulikuwa na ua mwembamba wenye vyumba vya kupanga pande mbili. Katikati, yule mama alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono ya gauni imekunjwa. Mtoto alikuwa ndani, povu hadi shingoni, akilia kwa nguvu zake zote.

Chiriku alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata pumzi. Basi akaruka, akamnyakua mtoto kutoka kwenye maji, akamkumbatia na povu lake.

"Mwizi! Anaiba mtoto!" mama alipiga kelele.

Milango ikafunguka kwa pamoja. Wanaume wawili walitoka karakanani, mmoja ameshika ubao. Mtu akamkamata Chiriku kwa nyuma ya shingo, mwingine akavuta mkono wake. Alijua watampiga, lakini alichokuwa anakitazama ni ngozi ya mtoto tu, akitafuta wekundu.

"Msimguse!" Mwalimu aliingia akihema. "Ni mwanafunzi wangu! Sabuni ile ya jana, mama, iko wapi? Ina sumu!"

Mama alimpokonya mwanawe.

"Huyu namwogeshea sabuni ya mche, kama siku zote. Ile iko dirishani, sijaifungua. Mtu akiniambia kitu kinafaa kwa kila kitu, mimi nakitilia shaka."

Mwalimu akaichukua ile chupa, akadondosha kidogo kwenye saruji. Sakafu ikachemka. Mwenye ubao akaushusha. Mama alikaa chini pale pale kwenye maji yaliyomwagika, akambana mwanawe kifuani. Chiriku alipiga magoti mbele yake, akaomba radhi mara nyingi, na kila mara mama akageuza uso.

Kufikia jioni chupa zote zilikuwa zimerudi. Moja ilirudi nusu. Mpishi wa shule alikuwa ameisugulia sufuria, na vidole vyake vilibabuka. Faida yote ya soko ilikwenda kwenye matibabu yake. Mwalimu alimweleza mkuu ukweli wote mwenyewe. Akapewa onyo kali, na soko likafungwa hadi muhula mwingine.

Tangu Jumatatu, kila mapumziko, Chiriku alikwenda jikoni kumwoshea mpishi sufuria. Kila povu lilipogusa mikono yake alishtuka.

"Mbona kimya?" mpishi alimuuliza siku moja, vidole vyake bado vimefungwa bendeji. "Mimi nimeambiwa una maneno kuliko redio."

"Naogopa, mama."

Mpishi alimsogezea sufuria kubwa zaidi, iliyoungua chini.

"Haya, ogopa huku unasugua."